Kuume au Kushoto?



Wasomaji wetu wapenzi, kati ya barua zilizotufikia majuma haya iko moja iliyotukaa moyoni. Mwandishi wake ni baba wa familia, mkulima wa tumbaku katika sehemu za Tabora, mwenye umri unaokaribia miaka 60. Atueleza kwamba mtoto wake wa kiume, aliye mwaka wa pili chuoni, alirudi nyumbani kwa likizo akasema mezani mbele ya wadogo zake: "Baba, nimetambua kwamba mimi ni wa mrengo wa kushoto." Alikuwa amejibu maswali mengi katika simu yake, na simu ikamwekea nukta mahali pake kati ya watu wa siasa. Baba akarudisha tonge sahanini, akasema neno ambalo sasa anajuta kulisema. Tangu siku ile baba na mwana hula kwa nyakati mbalimbali, na mama hupakua mara mbili. Mzee atuuliza: "Padre, je, mtoto wangu ameasi dini? Na mimi ninayemkataa, niko upande gani?"

Tunajua kwamba nyumba hiyo si ya pekee. Vijana wetu wanasikia maneno haya, kuume na kushoto, katika redio, vyuoni na katika simu zao, na wengi wanahangaika kujua mahali pao. Wazazi nao wanashtuka, kana kwamba mtoto ametaja dhehebu jipya. Kwa hiyo twaona yafaa kulijibu swali la mzee huyu hapa mbele ya wote, kwa utaratibu, bila kumpendelea baba wala mwana.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana hayakuzaliwa kwetu. Katika mwaka 1789 wajumbe wa Bunge la Taifa la Ufaransa walikuwa wakikutana mjini Versailles. Walibishana kama mfalme aachiwe uwezo wa kuzuia sheria zilizopitishwa na Bunge. Waliotaka mfalme abaki na nguvu hiyo walizoea kuketi mkono wa kuume wa mwenyekiti, nao waliotaka nguvu hiyo ipunguzwe waliketi mkono wake wa kushoto. Hiyo ndiyo asili ya maneno haya yanayotugombanisha leo mezani. Hayakushuka toka mlimani Sinai, bali yalitoka katika mpangilio wa viti.

Wala msidhani kwamba Kanisa lilikuwa na kiti chake upande mmoja. Mwezi wa Juni mwaka ule ule mapadre wengi wa parokia waliwaacha wenzao wa daraja lao, wakajiunga na wajumbe wa watu wa kawaida, kwa sababu waliijua njaa ya waumini wao. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1792, mapadre wengi waliuawa katika magereza ya Paris kwa mikono ya watu waliosema kwamba wanatetea uhuru. Basi, anayedai kwamba watu wa Mungu wamekaa daima kuume, au daima kushoto, hajasoma habari hizo mpaka mwisho.

Baadaye maneno yale yalihama. Katika karne ya 19 viwanda viliongezeka Ulaya, na wafanya kazi wakateseka sana. Ndipo wa kushoto wakaitwa wale waliotaka mali igawanywe kwa usawa au iwe ya wote, na wa kuume wakaitwa wale waliotetea mali ya mtu binafsi, biashara huru na mapokeo ya wazee. Hata hivyo maana zake hubadilika kutoka nchi hata nchi. Mtu anayehesabiwa wa katikati kwao, akivuka mpaka, aweza kuonekana mkali wa kushoto au mkali wa kuume, na hali hajabadili wazo hata moja.

Iko shida nyingine tena. Mstari mmoja hautoshi kumpima binadamu. Mwenye duka hapimi kitambaa kwa mizani, wala hapimi sukari kwa utepe. Mtaalamu Hans Eysenck, katika kitabu chake kilichotolewa Uingereza mwaka 1954, alijaribu kuyapanga mawazo ya siasa kwa mistari miwili inayokatana badala ya mmoja, na yale maswali ya simu hufanya vivyo hivyo. Mstari wa kwanza huuliza habari za mali: nani ashike shamba, kiwanda na benki? Wa pili huuliza habari za mamlaka: serikali imwamuru raia kwa kiasi gani, na raia aachiwe uhuru gani? Mtu aweza kutaka mali igawanywe kwa haki, na papo hapo akachukia kuamrishwa. Mwingine aweza kupenda biashara huru, na papo hapo akataka serikali yenye fimbo. Ukiwaita wa kwanza "kushoto" na wa pili "kuume", umesema nusu tu ya habari zao.

Tuchukue mfano wa mtu tunayemjua sote. Mwalimu Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, na tangu mwaka 2005 Kanisa linachunguza maisha yake katika njia ya kumtangaza mwenye heri. Kwa Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 mabenki na viwanda vikubwa viliwekwa mikononi mwa umma. Katika habari za mali, basi, dunia ilimweka kushoto. Lakini ujamaa wake, kama alivyoueleza mwaka 1962, hakuujenga juu ya chuki ya tabaka moja kwa jingine, bali juu ya mapokeo ya ukoo wa Kiafrika, na kupenda mapokeo husemwa ni jambo la watu wa kuume. Katika habari za mamlaka, nchi ilikuwa na chama kimoja kwa sheria tangu mwaka 1965. Na Mwalimu yule yule, kuanzia mwaka 1990, ndiye aliyewaambia wenzake wasiogope kuzungumza habari za vyama vingi, ambavyo sheria iliviruhusu mwaka 1992. Je, mtu wa namna hiyo mtamwekea nukta wapi? Na kama hatuwezi kumwekea yeye nukta moja, kwa nini twajitafutia sisi?

Sasa tuje kwenye mafundisho ya Mama Kanisa, maana mzee ameuliza habari ya dini. Tuungame jambo moja. Tulipokuwa katika Seminari Kuu tuliusoma waraka wa Papa Leo XIII juu ya hali ya wafanya kazi, Rerum Novarum, uliotolewa tarehe 15 Mei 1891. Sisi tuliozaliwa na wakulima wenye mashamba yao tulipiga mistari chini ya sehemu ya kwanza, pale Papa anapotetea haki ya mtu kumiliki mali na kuukataa usoshalisti. Wenzetu waliozaliwa mijini na wafanya kazi walipiga mistari chini ya sehemu za mwisho, pale anapodai mshahara wa haki, mapumziko ya Jumapili, na haki ya wafanya kazi kuunda vyama vyao. Mwalimu wetu aliviona vitabu vyetu, akacheka, kisha akaamuru tubadilishane. Kila mmoja wetu alilazimika kuitetea nusu aliyoiruka. Siku ile tulijifunza kwamba tulikuwa tumemsoma Papa ili atukubalie, wala si ili atufundishe.

Na mapapa waliofuata hawakutupa nafasi ya kujificha. Papa Pio XI aliandika mwaka 1931 kwamba mtu hawezi kuwa Mkatoliki wa kweli na pia msoshalisti kamili, na tunaona mzee wetu angelipenda tuishie hapo. Lakini tuulize kilichokataliwa. Kilichokataliwa ni mafundisho yanayomtazama mtu kama chombo cha kuzalisha mali tu, na jamii kana kwamba haina Mungu. Katika waraka huo huo Papa aliwakemea kwa ukali watu wachache waliojirundikia nguvu zote za uchumi, hata mwingine asiweze kupumua bila ruhusa yao. Mwaka 1926 alikuwa amewakataza Wakatoliki kufuata chama cha Action française, chama cha kuume kabisa, ambacho kiongozi wake, Charles Maurras, alilisifu Kanisa kwa faida ya siasa na hali mwenyewe hakuwa na imani. Na katika Machi 1937, kwa muda wa siku tano tu, alitoa nyaraka mbili: wa tarehe 14 juu ya makosa ya Wanazi wa Ujerumani, na wa tarehe 19 juu ya ukomunisti usiomkiri Mungu. Siku tano, maonyo mawili, moja kwa kila upande.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba Wakristu wenye nia njema waweza kulitazama jambo moja la nchi wakatoa hukumu mbalimbali, na kwamba hapo asiwepo mmoja wa kujitwalia jina la Kanisa kwa ajili ya wazo lake. Naye Papa Paulo VI, mwaka 1971, alikiri kwamba imani ile ile yaweza kuwapeleka Wakristu katika kazi za siasa zilizo tofauti. Kwa hiyo, Mzee wetu, jibu la swali lako la kwanza ni hili: la hasha, mtoto wako hakuasi dini kwa kutamka neno "kushoto". Wala wewe hukuihifadhi dini kwa kulikataa.

Lakini tusikimbilie kufurahi, maana yako mambo ambayo hayana kuume wala kushoto, na hayo ndiyo mazito. Kumwua asiye na hatia, awe bado tumboni au awe mzee kitandani, ni dhambi popote ulipoketi. Kumnyima mfanya kazi mshahara wake ni kati ya dhambi ambazo katekisimu yafundisha kwamba zamlilia Mungu mbinguni. Kuiba mali ya umma, kumchukia mtu kwa sababu ya kabila lake, kumfukuza mkimbizi mlangoni, kununua kura na kuuza kura: hayo hayatakaswi na chama chochote. Chama kikikuambia kwamba dhambi fulani si dhambi kwa kuwa inatusaidia kushinda, usiulize tena kiko mrengo gani.

Sasa turudi mezani kwa mzee. Tulimwandikia tukamwomba atueleze kwa nini neno lile lilimchoma hivyo, naye akajibu. Mwaka 1974 alikuwa mtoto wa miaka 8. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Novemba, ilikuwa imetangazwa kwamba kukaa vijijini ni amri kwa wote. Lori lilikuja. Baba yake alipandishwa pamoja na watoto, mbuzi na masufuria, na shamba lililokuwa karibu kuvunwa likaachwa. Alipotazama nyuma aliona moshi. Waliteremshwa mahali penye nguzo zilizopigwa chini na pasipo na nyumba, na mvua ikanyesha. Sisi tunaoandika hatukuwa tumezaliwa, lakini tunajua kwamba mamilioni ya watu walihamishwa miaka ile, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, ingawa Mwalimu mwenyewe mwaka 1967 alikuwa amefundisha kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa kulazimisha watu. Kwa mzee huyu neno "kushoto" ni lile lori. Wahenga walisema: mwenye kovu, usidhani kapoa.

Tuliongea na mwana pia. Katika likizo iliyotangulia alifanya kazi ya kibarua kiwandani mjini. Mashine ilimkata mwenzake vidole viwili. Siku ya tatu mwenzake huyo aliambiwa asirudi tena, wala hakulipwa fidia. Kijana alikwenda kumwona akamkuta mkewe akiuza kitanda. Kwa kijana huyu neno "kuume" ni ile mashine na yule tajiri aliyefunga mlango.

Mwaona, ndugu wapenzi, jinsi walivyogombana bila kusikilizana? Baba hakuwa akitetea matajiri. Alikuwa akimlilia baba yake. Mwana hakuwa akitetea lori. Alikuwa akimlilia mwenzake. Kila mmoja aliyaficha machozi yake nyuma ya neno la kigeni, na maneno yakapigana badala yao. Tena mzee ametuambia jambo ambalo hajapata kumwambia mwanawe: kwamba katika kijiji kile kile walichotupwa mvuani, shule ilijengwa, na humo ndimo alimojifunza kusoma. Asingaliweza kutuandikia barua kama si shule ile. Kwa hiyo hata moyoni mwake, lori na shule vimekaa pamoja.

Ndiyo maana twasema: anayetaka kujua mahali pake katika siasa asianze na jina la upande. Aanze na dhamiri yake, na aipeleleze kama tunavyofanya kabla ya kuungama. Ajiulize kwanza: Wazo hili nimelipata wapi? Je, limetoka katika Injili, au katika kidonda changu, au katika faida ninayoipata? Kidonda si dhambi, lakini chapasa kitajwe jina lake. Ajiulize pili: Ni nani anayelipa gharama ya wazo langu? Ni rahisi kutetea bei huria kama huuzi kwa kilo, na ni rahisi kutetea amri za serikali kama wewe huamrishwi. Tatu: Chama changu kikisema kinyume kesho, nitaendelea kusema hivi? Na nne, ambalo ni gumu kupita yote: Je, naweza kulieleza wazo la mpinzani wangu hata yeye mwenyewe akasema, "Ndiyo, ndivyo ninavyosema"? Asiyeweza hilo bado hajampinga mtu yeyote, amepinga kivuli.

Akipita hivyo katika jambo moja moja, habari ya ardhi, mishahara, kodi, shule, familia na uhuru wa kusema, Mkristu mara nyingi atajikuta mguu mmoja huku na mwingine kule. Asione haya. Lakini pia asifanye hilo kuwa kisingizio cha kukaa kitako. Wako wanaosema: "Mimi niko katikati, kwa hiyo ni mwema." Katikati si utakatifu. Mbele ya mfalme Solomoni walisimama wanawake wawili wakigombania mtoto mmoja, na shauri la kumkata mtoto vipande viwili lilikuwa shauri la katikati kabisa. Mama wa kweli alijulikana kwa kulikataa. Yako mambo ambayo ukweli wake uko upande mmoja mzima, na hapo hatuna budi kusimama upande huo hata tukibaki wachache. Tena kura ni wajibu. Kama hakuna chama kinachobeba yote tunayoyaamini, na hakipo, basi tupime kwa busara nani atawadhuru wanyonge kidogo kuliko wengine na kuwasaidia zaidi, tupige kura, na kesho yake tuanze kumkosoa yule yule tuliyemchagua.

Katekista mmoja aliwahi kututania kwamba jambo hili limekwisha amuliwa katika Injili, kwa kuwa kondoo wamewekwa kuume na mbuzi kushoto. Tulicheka. Lakini someni tena Mateo sura ya 25. Wale wa kuume walishangaa, na wale wa kushoto walishangaa vile vile. Hakuna aliyekuwa anajua mahali pake mpaka alipoambiwa. Na hawakuulizwa habari za mrengo. Waliulizwa habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Hayo ndiyo maswali yatakayotuwekea nukta isiyofutika.

Kumbukeni pia meza ya Bwana wetu. Kati ya wale kumi na wawili alikuwapo Mateo, aliyekuwa mtoza ushuru, kazi iliyochukiwa na watu wa taifa lake. Alikuwapo na Simoni aliyeitwa Zelote, jina lililotumiwa baadaye kwa watu waliopigania kuung'oa utawala wa Warumi. Injili haituelezi walizungumza nini usiku wakiwa njiani, nasi hatutabuni. Twajua hili tu, kwamba Yezu aliwaita wote wawili, na katika karamu ya mwisho walikula mkate mmoja.

Basi, Mzee wetu, swali lako la pili ulijibu mwenyewe mbele ya Mungu, kwa maswali yale manne. Lakini leo usianze na hayo. Leo mwambie mama apakue mara moja. Mkimaliza kula, mweleze mwanao habari za lori, na usiiache shule. Nawe kijana, msikilize baba yako mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha umweleze habari za mwenzako na vile vidole viwili, na za kitanda kilichouzwa. Halafu shaurianeni jinsi ya kumsaidia mtu huyo kudai haki yake, maana mpaka leo hajalipwa, naye hajali mlango wa nyumba yenu umeelekea kuume au kushoto.

Mungu aibariki meza yenu, na meza zote zinazofanana na hiyo katika nchi yetu.